Nataka kufundisha wauguzi: nichukue uzamili gani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza ya uuguzi, GPA yangu ni 3.4. Nimeajiriwa serikalini, nipo wodi ya upasuaji kwenye hospitali ya mkoa, huu ni mwaka wa sita. Chuo cha uuguzi cha jirani huleta wanafunzi wodini kwetu, na mara nyingi mimi ndiye ninayewasimamia. Kazi hiyo nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Sasa nataka kusoma uzamili niwe mwalimu kamili, lakini kila ninayemuuliza ana jibu lake. Matroni wetu anasema ili uwe mwalimu wa wauguzi lazima upate uzamili unaoitwa elimu ya uuguzi. Rafiki yangu anayefundisha chuoni anasema uzamili wa elimu wa Chuo Kikuu Huria unatosha, tena nasoma huku nafanya kazi. Binamu yangu aliyeko Texas anasema kuna uzamili wa elimu ya uuguzi wa Marekani unaosomwa kwa mtandao, na kwamba utanifungulia hata njia ya kwenda kule. Nina watoto wawili, na fedha ya kujaribu mara mbili sina. Wanataka nini hasa, na mimi niende wapi?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kusoma hukuogopi. Unachoogopa ni kumaliza miaka miwili, kumaliza na akiba ya nyumbani, halafu ufike mbele ya dirisha la ajira uambiwe cheti chako hakifundishi pale ulipotaka kufundisha. Hofu hiyo ni ya haki. Inawapata watu wenye akili na bidii, kwa sababu wanachagua programu kabla hawajachagua mahali pa kufundishia. Kwa hiyo niruhusu nianze na mahali, uzamili tutaufikia.

Muuguzi anayetaka kufundisha hapa Tanzania ana sehemu tatu za kusimama. Ya kwanza ni chuo kikuu, kinachosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ya pili ni chuo cha kati, yaani vyuo vya uuguzi vinavyotoa astashahada na stashahada, ambavyo viko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Ya tatu ni hospitali yenyewe, pale muuguzi anapokuwa msimamizi rasmi wa mafunzo kwa vitendo. Kote huko Baraza la Uuguzi na Ukunga linakutaka uwe na usajili na leseni hai. Baada ya hapo, kila sehemu ina sharti lake, na masharti hayo hayafanani hata kidogo.

Nianze na chuo kikuu, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo hakuna aliyekuambia. Soma matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vyetu vya umma. Utakuta sharti linajirudia: mhadhiri msaidizi awe na uzamili wenye GPA isiyopungua 4.0, na shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8, kwa kipimo cha 5. Neno la kuangalia hapo ni "na". Watu wengi wanadhani uzamili mzuri unafuta matokeo ya shahada ya kwanza. Haufuti. Unaweza kutoka na 4.6 kwenye uzamili na bado msaili akafungua transkripti ya kwanza, akaona 3.4, akalifunga faili. Nakuambia haya mapema kwa kuwa wapo wanaoyajua baada ya kuhitimu, na wakati huo hakuna la kurekebisha.

Simaanishi kwamba 3.4 ni alama mbaya. Ni daraja la pili, na inakupa sifa ya kudahiliwa uzamili bila shida, kwa sababu kiwango cha chini cha kuingilia uzamili huwa ni 2.7. Lakini kudahiliwa ni jambo moja, na kuajiriwa kuwa mwanataaluma wa chuo kikuu cha umma ni jambo lingine. Ukikutana na tangazo lenye sharti tofauti, omba bila kusita. Ila usijenge mpango wa miaka miwili ya maisha yako juu ya tangazo ambalo halijatoka.

Chuo cha kati ni habari tofauti, na hapa ninayo ya kukufurahisha. Kanuni ya kawaida huko ni kwamba mwalimu awe na sifa ya juu kuliko ngazi anayoifundisha. Wewe una shahada, na wanafunzi wa pale wanasoma stashahada, yaani ngazi ya 6 ya NTA, mfumo wa kitaifa wa tuzo za ufundi. Maana yake ni kwamba huhitaji uzamili ili uanze kufundisha chuo cha kati. Unachopungukiwa ni mafunzo ya ufundishaji, na baadaye kusajiliwa na NACTVET kama mwalimu wa ufundi. Uzamili utakusaidia kupanda: kusimamia taaluma ya chuo, kukaa kwenye meza za mapitio ya mtaala, kusimamia tafiti. Lakini mlango wa kuingilia uko wazi tangu leo, na kwa maoni yangu wauguzi wengi wanapoteza miaka wakiutafuta ufunguo wa mlango usiofungwa.

Sasa tuje kwa matroni wako na hoja yake ya jina la shahada. Anafikiri kama wengi wetu tunavyofikiri: mwalimu wa hisabati kasomea ualimu wa hisabati, basi mwalimu wa uuguzi kasomea elimu ya uuguzi. Utaratibu wa hapa nchini haukujengwa hivyo. Angalia MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili: uzamili wao wa uuguzi unajulikana kwa michepuo ya kitabibu, kama uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, uuguzi wa afya ya akili, na ukunga na afya ya mwanamke. Waliopita humo wanafundisha nchi nzima. Chuo kikihitaji mtu wa kufundisha uuguzi wa wagonjwa mahututi, kinatafuta aliyebobea kwenye wagonjwa mahututi. Ujuzi wa kufundisha anaongezewa, au anakuja nao pembeni.

Sababu yake ina mantiki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa orodha ya umahiri wa msingi wa mwalimu wa wauguzi. Ndani yake kuna nadharia za namna watu wazima wanavyojifunza, kuna mtaala na utekelezaji wake, kuna utafiti, maadili, tathmini, uongozi. Na katikati ya hayo yote kuna uuguzi wenyewe, kazi ya mikono na akili mbele ya mgonjwa. Anayejua kufundisha ila ameuacha uuguzi miaka kumi atafundisha vitu ambavyo wodi imeshaviacha. Anayeujua uuguzi sana ila hajui kufundisha atamwambia mwanafunzi "angalia ninavyofanya mimi", na mwanafunzi ataangalia, atasahau, na hakuna atakayegundua hadi siku yuko zamu ya usiku peke yake.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaomba programu za elimu ya uuguzi bila kujua ndani yake kunafundishwa nini. Wanadhani ni kujifunza kuandika ubaoni na kutengeneza slaidi.

Chukua mtihani wa vitendo wa OSCE, ambapo mwanafunzi hupita kituo kwa kituo akipimwa stadi moja moja, ambao Ronald Harden na wenzake waliuanzisha Dundee mwaka 1975 na ambao vyuo vyetu vinautumia kila muhula. Tuseme umepewa kituo cha kuweka mpira wa mkojo kwa mgonjwa wa kike. Unaandika orodha ya vipengele ishirini, kila kimoja alama moja: amejitambulisha, ameomba ridhaa, amenawa mikono, ameandaa vifaa, amevaa glavu tasa (zisizo na vijidudu), na kuendelea. Mwanafunzi anaingia. Anafanya vizuri, kisha glavu yake tasa inagusa paja la mgonjwa na hajali, anaendelea kuushika mpira kwa glavu ileile. Kwenye karatasi yako amepoteza alama moja. Anatoka na 19 kati ya 20. Umempitisha mtu aliyepeleka vijidudu kwenye kibofu cha mgonjwa, na umempitisha kwa alama za juu.

Mwalimu aliyesomea tathmini anaiona kasoro hiyo kabla ya siku ya mtihani. Anajua kwamba orodha inahesabu vitendo, na vitendo vyote havina uzito sawa. Kwa hiyo anaweka kipengele cha lazima: ukivunja utasa ukagundua, ukabadilisha glavu na kuanza upya, unaendelea, usipogundua, kituo umeanguka hata kama mengine yote umepatia. Halafu anaongeza swali moja la mdomo: umeingiza mpira, mkojo hautoki, unahisi umeingia ukeni; unafanya nini? Aliyekariri atasema anauchomoa na kujaribu tena na uleule. Aliyeelewa atasema anauacha palepale uwe alama, anachukua mpira mwingine tasa na kutafuta tundu la mkojo juu yake. Swali moja tu, na tayari umejua nani anaiga na nani anafikiri.

Hayo ndiyo yanayofundishwa kwenye elimu ya uuguzi: kupanga malengo yanayopimika, kujenga mtaala, kutunga mtihani unaopima kile unachodai kupima, kutoa mrejesho ambao mwanafunzi ataufanyia kazi bila kuvunjika moyo, kumsaidia anayeshindwa, na kumzuia kwa haki asiyefaa kupita. Ukisoma orodha hiyo na moyo ukakudunda, basi una kiu ya taaluma hii kweli. Kama unaona raha zaidi kuelewa kwa nini mgonjwa wako wa upasuaji kashuka presha saa sita usiku, basi uzamili wa kitabibu ndio utakaokushibisha, na ufundishaji utauongeza.

Tuje kwa rafiki yako na Chuo Kikuu Huria. Ana ukweli nusu. Chuo Kikuu Huria kina faida kubwa kwa mtu wa hali yako, maana unabaki kazini, mshahara unaingia, watoto wanakuona. Lakini programu nyingi za uzamili wa elimu zinataka mwombaji awe na msingi wa ualimu: ama shahada ya kwanza ya elimu, ama stashahada ya uzamili ya elimu. Wewe unayo shahada ya uuguzi, kwa hiyo hatua yako ya kwanza huko ingekuwa hiyo stashahada ya uzamili. Na kusema kweli, hiyo stashahada peke yake inaweza kuwa ndiyo unayoihitaji kwa sasa. Inakupa saikolojia ya kujifunza, mbinu za ufundishaji, upimaji na mazoezi ya kufundisha, kwa muda mfupi kuliko uzamili.

Uzamili wa elimu wenyewe nauheshimu, ila una mpaka ambao lazima uujue. Umejengwa kwa ajili ya shule na mfumo wa elimu kwa ujumla. Utasoma uongozi wa shule, sera, mitaala ya sekondari, na itakubidi wewe mwenyewe uyatafsiri yote yaende wodini. Chuo cha kati kitaupokea. Kitivo cha uuguzi cha chuo kikuu kinaweza kukuuliza: fani yako ya uuguzi ni ipi? Kwa swali hilo uzamili wa elimu hauna jibu.

Kipo pia kituo cha Arusha, CEDHA, kilichoanzishwa mahususi kwa ajili ya kuwafundisha walimu wa vyuo vya afya. Kwa mtu aliyekwisha kuwa na shahada ya uuguzi, mafunzo ya ufundishaji ya aina hiyo yana faida moja kubwa: mifano yote ni ya wodi, maabara ya stadi na wagonjwa, na wanafunzi wenzako ni watu wa afya. (Kwa wasomaji wenye stashahada wanaofuatilia jibu hili: CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, wamekuwa na shahada ya kwanza ya elimu ya uuguzi. Ni njia ya kupata shahada na ualimu kwa pamoja, msiiruke mkakimbilia mengine.)

Kama baada ya kusoma haya bado unataka uzamili wenye elimu ya uuguzi ndani yake, huna haja ya kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha uzamili wa uuguzi mwaka 2015 ukiwa na michepuo minane, na mmojawapo ni elimu, uongozi na menejimenti. Afrika Kusini elimu ya uuguzi ni sifa inayosajiliwa na baraza lao la uuguzi, na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kimekwisha kupokea wauguzi wa ukanda wetu kwa masomo hayo. Kenya, Nairobi na Moi wana uzamili wa uuguzi, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana stashahada ya juu ya elimu ya tiba kwa watu wa kada za afya wanaotaka kufundisha. Waandikie uulize michepuo gani inafunguliwa mwaka huu, kwa sababu mchepuo ulioandikwa kwenye kitabu cha chuo unaweza usifunguliwe kama waombaji ni wachache.

Kuna njia nyingine ambayo wauguzi wetu wachache wanaifahamu, nayo ni uzamili wa elimu ya taaluma za afya. Huu unasomwa na madaktari, wauguzi, wafamasia na wengineo pamoja, na umejaa hayo mambo ya OSCE, mitaala na mrejesho niliyoyaeleza juu. Stellenbosch ya Afrika Kusini wanao, na Maastricht ya Uholanzi wanao, na sehemu kubwa ya masomo hayo unayasoma ukiwa kazini kwako. Kwa mtu anayetaka kuwa mtaalamu wa ufundishaji wa afya, naiona kuwa njia nzuri kuliko uzamili wa elimu wa jumla. Tatizo lake ni gharama, na ukosefu wa fani ya kitabibu ndani yake, sawa na uzamili wa elimu.

Sasa binamu yako wa Texas. Najua anakupenda na anasema kwa nia njema, lakini hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea. Ni kweli Marekani uzamili wa elimu ya uuguzi upo kwa wingi, na mwingi unasomwa kwa mtandao. Ila programu nyingi za namna hiyo zinamtaka mwombaji awe na leseni hai ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ya jimbo la Marekani. Leseni hiyo inapatikana kwa kupita mtihani wa NCLEX, baada ya vyeti vyako kukaguliwa. Bila leseni hiyo, maombi yako hayafiki mbali. Pili, hata masomo yakiwa ya mtandao, kuna saa za mazoezi ya kufundisha zinazotakiwa kufanyika mahali panapokubalika na chuo, chini ya msimamizi mwenye sifa wanazozitaka. Kumpata msimamizi huyo ukiwa mkoani ni kazi kweli. Tatu, na hili lishike sana: shahada haikupi viza wala haikupi leseni. Ukitaka kwenda Marekani kufanya uuguzi, njia ni NCLEX na mwajiri wa kukudhamini, na kwa hiyo shahada yako ya kwanza inatosha kuanzia. Anayekuuzia uzamili kama tiketi ya kuhamia anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Tena kuna upande wa kurudi. Ukipata shahada ya nje, kwa mtandao au kwa kukaa, TCU ndiyo inayoitathmini kabla mwajiri wa hapa hajaipokea. Wanaangalia kama chuo kinatambuliwa na mamlaka za nchi yake na kama programu yenyewe inakidhi. Vipo vyuo vya mtandaoni vyenye tovuti nzuri, majina makubwa na hakuna mamlaka inayovitambua. Uliza TCU kabla ya kulipa hata senti ya maombi.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani tayari na leseni wanayo, hesabu ni nyingine. Kwao uzamili wa elimu ya uuguzi ni njia halali na ya kawaida. Wahakikishe programu imeidhinishwa na CCNE, ACEN au CNEA, vyombo vya kule vinavyokagua ubora wa programu za uuguzi. Wategemee masomo matatu ya juu ambayo programu nyingi huyaweka: patofiziolojia (namna ugonjwa unavyobadili kazi za mwili), farmakolojia (elimu ya dawa) na uchunguzi wa mwili wa mgonjwa. Anayeanzia shahada ya miaka miwili ya uuguzi aulize njia ya kuunganisha moja kwa moja hadi uzamili. Upo pia mkopo wa serikali kuu kwa wanaosomea kufundisha uuguzi, ambao hadi asilimia 85 yake inaweza kufutwa ukifundisha muda wote kwa miaka minne. Na wajue mapema kwamba mara nyingi mwalimu analipwa chini ya muuguzi bingwa anayetibu.

Turudi kwako. Wanachokitaka kwa mwombaji wa uzamili wa uuguzi hapa nyumbani hakina siri. Shahada ya kwanza ya uuguzi yenye kiwango cha kuingilia, cheti cha kumaliza mafunzo tarajali, usajili na leseni hai ya Baraza, uzoefu wa kazi, wadhamini wawili au watatu, na barua ya mwajiri. Hayo ya mwanzo unayo. Mahali ambapo waombaji wengi huharibu ni kwa wadhamini na kwenye maelezo binafsi. Mdhamini mwenye cheo kikubwa asiyekujua ataandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwadilifu, maneno ambayo kamati imeyasoma kwenye kila faili. Matroni wako au mkufunzi wa kile chuo cha jirani anaweza kuandika kwamba ulimkuta mwanafunzi akihesabu matone ya dripu vibaya, ukamfundisha upya hadi akaelewa. Barua hiyo inakumbukwa. Na kwenye maelezo yako usiandike kwamba tangu utoto ulipenda kusaidia watu. Andika unachokiona wodini kinachokosewa kwenye mafunzo ya wanafunzi, na unataka kukichunguza vipi. Hilo pia litakuwa mbegu ya tasnifu yako.

Kuhusu ajira yako ya serikali, tafadhali usiondoke kimyakimya. Nenda kwa afisa utumishi, uliza jina lako litaingiaje kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ujao, uliza kama ruhusa itakuwa na mshahara, na utatakiwa kurudi kutumikia miaka mingapi. Uliza pia jambo ambalo watu hulisahau: ukihitimu mchepuo huu, muundo wa utumishi wa kada yako unautambua? Maana wapo waliorudi na uzamili halali kabisa, wakabaki cheo kilekile na mshahara uleule kwa sababu sifa waliyoisomea haikuwa kwenye muundo. Majibu yote yachukue kwa maandishi.

Na hesabu ya fedha ifanye nzima. Ada ndiyo inayoonekana kwenye tangazo. Nyuma yake kuna malazi na nauli, kuna kibali cha maadili ya utafiti, kukusanya takwimu, kuchapa tasnifu, na kuna muhula wa ziada ambao tasnifu ikichelewa utauhitaji. Uzamili wa uuguzi hapa nchini ni wa miaka miwili na kwa kawaida unataka ukae chuoni muda wote. Kwa mama wa watoto wawili hilo ni suala la nani atawaangalia, na linastahili kuzungumzwa nyumbani kwa uwazi kabla ya fomu kujazwa.

Ukinitaka niseme wazi ningekushauri nini kama ungekuwa mdogo wangu, ni hivi. Mwaka huu usiombe uzamili. Nenda kwa mkuu wa kile chuo cha jirani, umwambie unataka kutambuliwa rasmi kama msimamizi wa mafunzo wodini, upewe barua. Anza mafunzo ya ufundishaji, iwe CEDHA au stashahada ya uzamili ya elimu ya Chuo Kikuu Huria, ukiwa kazini. Omba kutunga na kusimamia vituo vya OSCE vya chuo hicho. Baada ya hapo, kama bado moyo uko kwa wanafunzi, omba uzamili wa kitabibu unaoendana na wodi yako. Kwa mtu wa upasuaji, uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi ni jirani wa karibu. Ukitoka hapo utakuwa na fani, una ualimu, na una barua za kazi uliyokwisha kuifanya. Vyuo vya kati vitakutaka, na hospitali zinazopokea wanafunzi zitakutaka. Ningebadili ushauri huu kwa sharti moja tu: kama unajua kwa hakika kwamba mtaala na tathmini ndiyo kazi unayoitaka kuliko mgonjwa mwenyewe. Hapo nenda Rwanda au Stellenbosch, na usione kwamba umepotea njia.

Uzamivu uache kwanza. Ni sharti kwa anayetaka kuwa mhadhiri kamili wa chuo kikuu, lakini si kwa chuo cha kati wala hospitali. Anayekuambia bila uzamivu usijisumbue anazungumzia ngazi ambayo wewe hujasema unaitaka. Na ikiwa siku moja utaufikiria, ujue kwamba DNP ya Marekani ni shahada ya udaktari wa uuguzi ya kivitendo, haujengwi juu ya utafiti kama uzamivu wa kawaida, kwa hiyo uliza TCU watauweka wapi kabla ya kuuanza.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kukumalizia. Uhalali wa programu ya nje, nenda TCU mwenyewe au waandikie ukiwa na jina kamili la chuo na programu. Hali ya leseni yako na pointi zako za mafunzo endelevu, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ruhusa na muundo wa utumishi, afisa utumishi wako, ana kwa ana. Usajili wa mwalimu wa chuo cha kati, NACTVET, kupitia chuo kitakachokuajiri. Na mtafute muuguzi mmoja aliyehitimu programu unayoifikiria ndani ya miaka mitatu iliyopita, ukae naye umuulize tasnifu ilimchukua muda gani, msimamizi wake alikuwa akijibu barua pepe, na leo anafanya kazi gani. Ofisi ya udahili inaweza kukuunganisha naye. Wakikataa kukupa hata mhitimu mmoja wa kuzungumza naye, lichukulie hilo kuwa sehemu ya jibu lao.